Geji inasoma 160, 160, 155, 115: je, niskimu hedi ya IST yangu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Mbeya. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ya cc 1,500, imetembea kilomita 190,000. Kila mwezi nashuka Dar mara moja au mbili. Zamani lita moja ilinifikisha kilomita 14 njia kuu, siku hizi naambulia 11. Nikipanda mlima Kitonga nimekanyaga mafuta nasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Fundi amepima kompresheni akapata 160, 160, 155 na 115. Anasema injini mpya inatakiwa ivuke 200, kwa hiyo kompresheni imeshuka yote na dawa ni kuskimu silinda hedi ili ipande. Jirani yangu anasema nisihangaike, niweke petroli ya oktani kubwa tu. Nimsikilize nani? Na kompresheni inahusiana vipi na gari kula mafuta?

Jibu: Marahaba. Kwanza nakushukuru kwa kuandika namba zote nne. Wengi huniandikia "kompresheni imeshuka" halafu basi, kama mgonjwa anayempigia daktari simu, anasema "naumwa", anakata.

Kwa kifupi, fundi wako amepima vizuri akasoma vibaya. Silinda tatu za kwanza ni nzima. Ya nne inavuja. Kuskimu, yaani kuchonga kwa mashine uso wa hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda), hakutaziba panapovuja, na kwa gari ambalo tayari linatoa mlio wa kokoto kutaongeza kokoto. Jirani naye ana nusu ya ukweli, nitamfikia.

Tuanze na namba. Kitabu cha mafundi cha 1NZ-FE kinasema injini ikiwa mpya geji isome psi 213 hivi (psi ni kipimo cha presha). Ikishuka chini ya 156 kuna kasoro. Na kati ya silinda na silinda tofauti isizidi psi 14. Fundi wako ameishika hiyo 213. Alichosahau ni kwamba kitabu hakikuandikiwa Mbeya. Geji inapima injini pamoja na hewa iliyoingia ndani yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, kanieneo yake, yaani presha, ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Pistoni inayoanza na hewa pungufu itamaliza na presha pungufu kwa kiasi kilekile. Chukua 160 yako, igawe kwa 0.82, unapata 195. Maana yake ni kwamba gari hilohilo na geji hiyohiyo, ukipimia Kigamboni, ungesoma 195, 195, 189 na 140. Kwa injini ya kilomita 190,000 hizo tatu za mwanzo ni za kujivunia. Ya nne imeshuka chini ya mpaka, na hapohapo Mbeya imeachwa na wenzake kwa psi 45. Ugonjwa uko hapo, na uko hapo peke yake.

Nimewahi kuona injini nzima zikifunguliwa Iringa na Mbeya kwa kosa hilihili. Fundi amejifunzia kazi Dar, amehamia nyanda za juu na namba zake za Dar, kila gari analolipima anaona limechoka.

Sasa neno lenyewe. Gereji zetu zimelibebesha neno "kompresheni" vitu viwili, na mkanganyiko wenu umezaliwa hapo. Kuna uwiano wa mgandamizo, na kuna presha ya mgandamizo.

Uwiano ni jiometri tupu. Kwenye injini yako tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 75, na pistoni inasafiri milimita 84.7. Piga hesabu, kila pistoni inafagia cc 374. Ikifika juu kabisa haigusi hedi, inabakiza chumba cha cc 39 hivi, kama vijiko viwili na nusu vya chakula. Kwa hiyo hewa na petroli zilizojaza cc 413 zinabanwa ndani ya cc 39, na hiyo ndiyo 10.5 kwa 1 unayoiona kwenye maelezo ya gari. Namba hii imechongwa kwenye chuma, haichakai. Ringi za pistoni zikiisha na valvu zikiungua, uwiano unabaki 10.5. Tena kwenye gari kuukuu huwa unapanda kidogo, maana masizi magumu yanajijenga juu ya pistoni na kukipunguza chumba. Cc moja tu ya masizi inakutoa 10.5 hadi 10.7.

Presha ndiyo inayosomwa na geji, na ndiyo inayoshuka hewa ikipata njia ya kutorokea. Kuskimu hedi kunagusa uwiano, wakati shida yako ni presha ya silinda moja. Ndoo imetoboka kitako, wewe unashauriwa ufungulie bomba zaidi.

Lakini umeuliza pia kwa nini kompresheni inahusiana na ulaji wa mafuta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili hutababaishwa tena gereji yoyote.

Ukipuliza tairi la baiskeli, pampu inapata moto mkononi. Hewa ikibanwa inapata joto, na wewe ndiye uliyelilipia joto hilo kwa jasho lako. Ndivyo ilivyo kwa pistoni: kubana kunakula nguvu, hakuleti nguvu. Faida iko kwenye safari ya kurudi. Petroli ikishaungua, gesi zina joto la zaidi ya nyuzi 2,000 na zinataka kupanuka. Kadiri zinavyopanuka kabla valvu ya ekzosi haijafunguka, ndivyo zinavyopoa, na joto linalopungua hapo linageuka kuwa msukumo wa kuzungusha krenki, mhimili unaopeleka nguvu kwenye gia. Gesi inayotoka ekzosi ikiwa bado ya moto sana ni petroli uliyoinunua ikaenda kupasha bomba. Katika injini ya kawaida njia ya kupanda na ya kushuka ni ileile: ukibana mara 10.5, utapanua mara 10.5. Kwa hiyo ukimsikia mhandisi anatafuta uwiano mkubwa wa mgandamizo, jua anatafuta upanukaji mkubwa, kubana ni nauli tu.

Kuna kanuni ya kukadiria: ufanisi wa kinadharia ni 1, toa 1 iliyogawanywa kwa uwiano wenye kipeo cha 0.3 au karibu na hapo. Uwiano wa 8 unakupa asilimia 46. Wa 10 unakupa 50. Wa 13 unakupa 54. Wa 14, karibu 55. Tazama ngazi inavyochoka: kutoka 8 hadi 10, hatua mbili, umepata pointi tatu na nusu, kutoka 10 hadi 13, hatua tatu, umepata karibu zilezile. Na hiyo ni nadharia. Injini halisi inapoteza joto kwenye maji ya rejeta, inapoteza nguvu kwenye msuguano, na mguu wako ukiwa mwepesi inapoteza nyingine kwa kuvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa. Injini ya kawaida ya petroli katika hali yake nzuri inageuza theluthi moja hivi ya petroli kuwa kazi. Kwenye foleni ya Ubungo hata sehemu moja ya tano ni bahati.

Waliotangulia waliliona hili mapema. Injini ya Étienne Lenoir ya mwaka 1860 haikuwa inabana kabisa. Iliwasha gesi ikiwa katika hali ya kawaida, na ufanisi wake ulikuwa duni mno. Nikolaus Otto alipotoa ya kwake ya mapigo manne mwaka 1876, akibana kwanza ndipo awashe, ndipo injini ikawa kitu cha biashara. Na uwiano wake ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na wa IST yako.

Ushahidi wa karibu zaidi uko ndani ya ukoo wa injini yako. 1NZ-FE ina ndugu anaitwa 1NZ-FXE, aliyefungwa kwenye Prius za awali. Kipenyo ni kilekile 75, safari ya pistoni ni ileile 84.7, lakini uwiano wake ni 13. Na anakunywa petroli ya kawaida. Vipi haitoi kokoto? Valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga. Pistoni inaanza kupanda na mlango bado uko wazi, sehemu ya mchanganyiko inarudishwa ilikotoka, halafu ndipo kubana kwa kweli kunaanza. Hivyo haibani sana, lakini ikishawaka inapanuka mara 13 kamili. Wazo la kutenganisha kubana na kupanuka ni la Mwingereza James Atkinson, la miaka ya 1880. Gharama yake ni nguvu: 1NZ-FE ya Japani inatoa kilowati 80, ya Prius 57, na pengo linazibwa na mota ya umeme.

Sasa tuje kwenye mwako, maana hapa ndipo kilomita zako tatu zimepotelea.

Wengi tunaamini plagi inalipua. Hapana, plagi inawasha, kama kibiriti kwenye kona ya shamba kavu, na moto unatembea. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 24 za elfu za sekunde. Moto unahitaji kama tatu kati ya hizo kuvuka chumba, na katika muda huo krenki imeshazunguka digrii 45 hivi. Ndiyo maana cheche inarushwa kabla pistoni haijafika juu. Lengo ni kwamba nusu ya petroli iwe imeshaungua pistoni ikiwa digrii nane hivi baada ya kilele. Ukiwahisha mno, moto unaipinga pistoni inayopanda. Ukichelewesha, moto unaifukuza pistoni inayokimbia.

Kuchelewa huku kunaumiza kuliko watu wanavyodhani, na hesabu yake ni nyepesi. Chumba chako cha juu ni cc 39. Pistoni ikishuka milimita tisa tu, upana wa kidole kimoja chembamba, nafasi imeshakuwa maradufu, cc 78. Petroli inayoungua wakati huo imebakiwa na kupanuka mara tano na kidogo, si mara 10.5. Rudi kwenye kanuni yetu: uwiano wa tano na kidogo unakupa asilimia 39 badala ya 50. Una injini ya uwiano wa 10.5, lakini tone hilo la petroli limeungulia ndani ya injini ya zamani za kale. Kwa hiyo mgandamizo na mwako si mada mbili. Mwako ukichelewa, ni kama umeshusha uwiano bila kugusa chuma.

Na nani anauchelewesha? Mara nyingi ni kompyuta ya gari, na inafanya hivyo kwa kukuokoa.

Mlio wako wa kokoto una maelezo haya. Moto ukiwa unatembea kutoka kwenye plagi, mchanganyiko ulioko pembeni unabanwa na gesi zinazopanuka nyuma yake. Unapata joto, tena joto, na usipofikiwa na moto mapema, unajiwasha wenyewe wote kwa mkupuo. Presha inapiga kuta za silinda kama nyundo ndogo. Ubavuni mwa injini kuna sensa inayosikiliza mpigo huo. Ikiusikia, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche, digrii chache, kisha chache tena, mpaka mlio upungue. Injini imepona, ila sasa mwako unachelewa kwa amri. Wewe unasikia kokoto za sekunde mbili; usichokisikia ni kilomita mia nyingine ambazo gari linatembea na cheche iliyorudishwa.

Kwa nini Kitonga na si Mbeya mjini? Ukitoka Ruaha Mbuyuni uko kwenye bonde la joto, chini sana kuliko kwenu. Hewa ni nzito, silinda zinajaa. Hewa hiyohiyo ni ya moto kabla hata haijabanwa. Gari limebeba watu na mizigo ya Kariakoo, mbele yako kuna semitrela inatambaa, mizunguko iko chini na mguu uko sakafuni. Ukiketi mezani kupanga mtihani wa kuifanya injini ya petroli igonge, yaani itoe mlio huo wa kokoto, ungepanga huohuo. Mbeya wembamba wa hewa unakuficha. Ajabu ni kwamba mwinuko huohuo unaokunyima nguvu unakusaidia kidogo kwenye ulaji: kwa kazi ileile unafungua mlango wa hewa zaidi, na injini haihangaiki sana kuvuta pumzi.

Ndiyo, sasa jirani. Oktani haipimi nguvu ya petroli, inapima ubishi wake wa kutojiwasha ikibanwa. Kipimo kiliwekwa kwa vimiminika viwili: heptani ya kawaida ikapewa 0, isooktani ikapewa 100. Injini isiyogonga haipati faida kwa oktani ya ziada, sawa na kumpa mwavuli mtu aliye ndani ya nyumba. Gari lako liliundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kwa kiwango chao ni oktani 89 kwenda juu. Petroli halali inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam inazidi hapo. Kwa hiyo ikiwa 1NZ-FE inagonga, swali la kwanza ni nini kimebadilika ndani yake au ndani ya tangi. Ukiweka oktani kubwa mlio utapungua, hapo jirani hajakosea, lakini utakuwa unalipia kila tangi ili usisikie.

Neno "halali" nimeliweka makusudi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ina oktani duni, maana mafuta ya taa yanajiwasha upesi sana yakibanwa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Umekuwa ukijaza kituo kimoja kila safari? Badilisha kwa matangi mawili, uandike kilomita. Ni kipimo cha bure.

Hapa niongeze kitu kisichohusu gari lako moja kwa moja. Tamaa ya kupandisha mgandamizo iliwahi kuitia dunia sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi kidogo ndani ya petroli inazuia kugonga, na watengenezaji wakapata ruhusa ya kupandisha uwiano. Watoto wa miji mizima walivuta risasi hiyo. Kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ilimaliza ya mwisho duniani mwaka 2021. Siku hizi kazi ya risasi inafanywa na umbo la chumba, sensa na nozeli zinazopuliza petroli. Mazda Demio ya mwaka 2011 ilitoka na uwiano wa 14 na bado inatumia petroli ya kawaida ya Japani, kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, inapovukizwa inapooza hewa, na kokoto zinakaa mbali. Ona tofauti: wao walipandisha uwiano baada ya kuutengenezea mwako mazingira. Fundi wako anataka kuupandisha halafu Mungu ajue.

Na hesabu yake ya kuskimu tuimalize. Kutoka 10.5 hadi 11.5 inabidi chumba kipungue kutoka cc 39.4 hadi 35.6. Ili kuondoa hizo cc 3.8 kwa mashine, unachonga milimita 0.85 hivi kwenye uso wa hedi. Hiyo si kusafisha, hiyo ni kukata. Kuskimu kwa kawaida ni kunyoosha uso uliopinda, sehemu ndogo tu ya milimita. Ukikata 0.85 hedi inashuka, kamu shafti, zile zinazofungua valvu, zinakaribia krenki, cheni inapata ulegevu, muda wa valvu unachelewa, na valvu zinasogelea pistoni. Malipo yake? Kwa kanuni yetu, chini ya asilimia tatu, endapo injini haitagonga. Kwenye tangi la lita 40 ni lita moja na kitu. Lakini yako itagonga, kompyuta itarudisha cheche, na hiyo lita moja itarudi ilikotoka na kuchukua wenzake.

Turudi silinda ya nne. Ulaji wako unaanzia pale, kwa njia ambayo haionekani. Kompyuta inapuliza petroli sawa kwenye silinda zote nne, haijui ya nne inavuja. Ikiwa valvu ya ekzosi haikai sawasawa, hewa yenye oksijeni inapenya hadi kwenye bomba bila kuungua. Sensa ya oksijeni inaonja hewa hiyo, inadhani petroli ni chache, na kompyuta inaongeza. Haiongezi silinda ya nne peke yake, inaongeza zote. Tatu nzima zinanyweshwa kupita kiasi kwa sababu ya moja. Petroli ya ziada inaacha masizi, masizi yanapandisha uwiano na kushika moto kama makaa, na tumerudi kwenye kokoto. Kwa maoni yangu, malalamiko yako mawili, ulaji na mlio, ni ugonjwa mmoja.

Mwambie fundi afanye hivi, injini ikiwa ya moto. Atoe plagi zote nne, achomoe soketi za nozeli ili petroli isipulizwe, wewe ukanyage mafuta hadi mwisho, apige stata mpaka mshale wa geji usimame. Arudie silinda ya nne mara mbili. Kisha amimine kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu la plagi ya nne na kupima tena. Ikiruka kutoka 115 hadi 150, ringi ndizo zinazopitisha, oili imeziziba kwa muda. Ikibaki 115 au 120, ni valvu au gasketi. Hapo aingize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, mtege masikio. Mvumo kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Mvumo kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya kuingiza. Viputo kwenye rejeta ni gasketi. Mvumo kwenye mfuniko wa oili ni ringi.

Ningekuwa mchezaji kamari ningeweka pesa kwenye valvu ya ekzosi. Kwenye injini hii nafasi ya valvu ya ekzosi inatakiwa iwe kati ya milimita 0.25 na 0.35, na haijirekebishi yenyewe. Valvu ikizidi kuzama kwenye kiti chake nafasi inakwisha, valvu inabaki imeinuliwa unywele, haitui, inaungua. Kupima nafasi hizo ni kufungua kava ya juu na kuwa na filageji nzuri (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), saa moja. Ukikuta 0.10 kwenye ya nne, umempata mwizi kabla ya kufungua hedi. Ikiwa bado haijaungua, kubadilisha kikombe cha valvu, kile kinachokaa kati ya kamu na valvu, kunatosha. Ikiwa imeungua, hedi itatoka, valvu itasagwa au kubadilishwa, na hapo ndipo masizi yasafishwe na uso upimwe kwa rula. Ukiwa umepinda, uskimiwe kiasi cha kunyooka, basi.

Wakati kava iko wazi, angalia vitu vidogo vinavyoharibu mwako. Plagi za injini hii zina pengo la milimita 1.1, feki zimejaa mjini, na cheche dhaifu inaanzisha moto taratibu. Halafu thamostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Niliwahi kuletewa gari la injini kama yako, limezunguka gereji tatu kwa ulaji, limebadilishiwa nozeli, sensa, hata pampu ya mafuta. Niliposhika bomba la juu la rejeta baada ya dakika 20 za kutembea lilikuwa vuguvugu. Thamostati ilikuwa imetolewa siku nyingi na fundi aliyeamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kwenye 1NZ-FE inafunguka kati ya nyuzi 80 na 84; bila hiyo injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima na kuongeza petroli, na kuta baridi za silinda zinanyonya joto lililotakiwa kusukuma pistoni. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, hilo pekee linaweza kukuondolea kilomita. Shika bomba hilo kabla ya kununua chochote.

Mpaka gari lipone, ukifika chini ya Kitonga bonyeza kitufe cha O/D kwenye gia ili gari lisiingie gia ya juu kabisa, acha injini ipande hadi mizunguko 3,000 na zaidi, mguu uwe mwepesi. Mizunguko ikiwa juu moto unawahi kufika pembeni kabla mchanganyiko haujapata muda wa kujiwasha. Itapiga kelele zaidi na haitatoa kokoto. Usiogope kelele hiyo.

Ukishapata namba ya silinda ya nne baada ya kijiko cha oili, niandikie, pamoja na nafasi za valvu zote nane za ekzosi.